Plagini ya SQL, kompyuta 11, leseni 6: shajara ya mradi

Naandika kwa ajili ya wenzangu wa IT walioko kwenye saccos, hospitali na vyuo, mlio na SQL Server (mfumo wa databesi wa Microsoft) ofisini na watu kadhaa wanaoandika kweri, yani maagizo ya SQL ya kusoma au kubadilisha deta, kutwa nzima. Sisi ni saccos hapa Mwanza, makao makuu mjini na tawi moja Sengerema, seva yetu ni SQL Server 2019 Standard na watu wanaingia kwa SSMS (programu ya Microsoft ya kuandikia na kurushia kweri). Tunachoongezea ni plagini ya kusaidia kuandika SQL, ile inayokumalizia majina ya majedwali na safu, inakupangia kweri ikae vizuri na inakusimamisha ukitaka kurusha UPDATE isiyo na WHERE (UPDATE inabadilisha deta, WHERE inasema ni mistari ipi, bila WHERE inabadilisha yote). Hiyo ya mwisho ndo ilitufanya tupewe bajeti, maana mwaka jana kuna kweri ilibadilisha riba ya wanachama wote badala ya mwanachama mmoja, tukarudisha bakapu ya usiku na miamala yote ya asubuhi ikabidi iingizwe upya kwa mkono kutoka kwenye risiti.

Kila hatua ikiisha naongeza hapa. Vya kawaida napita haraka, vilivyogoma naeleza kwa kirefu.

9 Juni 2025: Kuhesabu kabla ya kuomba bei

Mashine zinazofungua SSMS ni 11: desktop sita za makao makuu, laptop tatu, desktop moja ya tawi, na seva moja ya RDP (kuingia kwenye kompyuta kwa mbali) ambayo watu wanaingia wakiwa safarini. Ombi la kwanza lililokuwa limeandikwa kwa uongozi lilikuwa la leseni 11, leseni moja kila mashine. Kabla halijapita nikaomba tuhesabu upya, safari hii tuhesabu watu, tukakuta wanaoandika SQL ni sita tu. Wawili wa ripoti, wawili wa mfumo, mmoja wa tawi na mimi.

Hapa ndo pa kusimama kama unataka kuiga kazi hii. Plagini za namna hii zinauzwa kwa mitindo mitatu. Kuna leseni ya mtu, yani mtu mmoja anaitumia kwenye mashine zake, mara nyingi na kikomo cha mashine ngapi. Kuna leseni ya mashine, yoyote akikaa hapo anatumia. Alafu kuna leseni ya kuelea, ambapo seva inahesabu wangapi wameifungua kwa wakati mmoja na akizidi mmoja anasubiri. Ofisi yenye shifti, watu kumi mashine mbili, inafaa leseni ya mashine. Ofisi kama yetu ambako mtu ana desktop, ana laptop na bado anaingia RDP, leseni ya mtu inakuokolea hela nyingi sana. Usiombe bei kabla hujajua wewe ni wa wapi kati ya hizo tatu.

Maswali niliyoyatuma kwa maandishi, nakili kama yalivyo: mtu mmoja anaruhusiwa mashine ngapi? RDP inahesabiwa mashine? Mashine ikifa bila kuzimwa leseni, nafasi inarudishwaje? Mfanyakazi akiacha kazi leseni inahamishwa? Mwaka ukiisha plagini inazima kabisa au inabaki kwenye toleo la zamani? Majibu yaje kwa maandishi pia, uyatunze.

Kitu kimoja kilichojitokeza kwenye kuhesabu: wale wawili wa ripoti walikuwa wanatumia akaunti moja ya Windows, inaitwa "ripoti". Leseni ya mtu haikubali hivyo, watu wawili ndani ya akaunti moja ni leseni mbili hata kama kompyuta inaona moja. Tukawatenganisha kila mmoja na akaunti yake, na kwa kweli hilo lilitakiwa kufanyika siku nyingi, maana kwenye logi za seva ulikuwa huwezi kujua nani kafanya nini.

16 Juni 2025: Kuchagua

SSMS yenyewe ina IntelliSense yake (mapendekezo ya majina unapoandika) tangu SQL Server 2008, na kabla hujalipa hela ya mtu jaribu kuifresh kwa Ctrl+Shift+R, wengi wanailalamikia haioni jedwali jipya kumbe ni kumbukumbu ya zamani tu. Kama shida yako ni kupanga kweri peke yake, Poor Man's T-SQL Formatter ni ya bure na inatosha kabisa. Sisi tulihitaji na ile ya kuzuia UPDATE, kwa hiyo tukaingia kwenye za kulipia, tukaangalia SQL Prompt ya Redgate na dbForge SQL Complete ya Devart na nyingine ndogo. Tuliyochukua naacha kuitaja kwa sababu karibu matatizo yote nitakayoeleza ni ya mazingira yetu, sitaki msomaji ayabandike kwa waliotengeneza.

Kulikuwa na wazo la kutafuta iliyochakachuliwa. Nililikataa na nitaendelea kulikataa. Ile kitu inakutaka uzime antivirasi kwanza, alafu uiendeshe kama admin, kwenye mashine ileile ambayo ina nywila za seva yenye akiba za watu. Mama anayeuza dagaa pale Kirumba kaweka hela yake kwetu akiamini tunailinda, hatuwezi kumlindia kwa programu ambayo hatujui nani kaifungua na kaweka nini ndani.

Majaribio tulifanya kwenye mashine mbili, ya makao makuu na ya tawi. Usijaribu kwenye mashine nzuri peke yake, jaribu kwenye ile yenye netiweki mbovu kuliko zote. Kule tawi SSMS ilikuwa inaganda kila ukifungua dirisha jipya, kwa sababu plagini inasoma majina ya majedwali yote ya databesi zote kupitia VPN (njia ya intaneti inayounganisha tawi na makao makuu). Tukaenda kwenye mipangilio tukaiambia isome databesi mbili tu na isiguse linked server (seva nyingine zilizounganishwa na yetu) kabisa, kuganda kukaisha. Nyingine ya kuzima mapema ni IntelliSense ya SSMS yenyewe, la sivyo visanduku viwili vya mapendekezo vinagombana, mmoja anakuandikia jina nusu mwingine anamalizia tofauti.

27 Juni 2025: Malipo

Bei ni laki nne na elfu arobaini kwa mtu kwa mwaka. Sita ni 2,640,000, VAT ya 18% ni 475,200, jumla 3,115,200. Tungeenda na lile ombi la 11 ingekuwa 5,711,200, yani tofauti ya 2,596,000 kwa kuhesabu watu tu.

Kilichochelewesha ni profoma. Muuzaji wa hapa alituletea kwa dola, uhasibu wakairudisha, na walikuwa sahihi kwa sababu tangu Machi 2025 kanuni zinakataza kutangaza bei au kutoza kwa fedha za kigeni kwa biashara ya ndani ya nchi. Ikabidi iandikwe upya kwa shilingi na iwe na muda wa kudumu, tukaomba isibadilike mpaka malipo yapite kwenye kamati. Omba profoma ya shilingi siku ya kwanza, usisubiri irudishwe.

Kingine, leseni isajiliwe kwa imeili ya ofisi ambayo haimfuati mtu, sisi tumetumia ya kitengo. Ikisajiliwa kwa imeili binafsi ya mtu wa IT, siku akihama anaondoka na funguo zote.

7 Julai 2025: SSMS zote toleo moja

Saba Saba ofisi imefungwa, mashine ziko wazi, siku nzuri. Tulikuta SSMS za 17, 18, 19 na laptop moja ina 21. Plagini inaingia ndani ya SSMS, kwa hiyo toleo la SSMS ni jambo kubwa kuliko toleo la Windows. SSMS mpaka 20 ni za biti 32, ya 21 iliyotoka rasmi Mei 2025 ni ya biti 64 na imejengwa juu ya Visual Studio 2022, plagini iliyotengenezwa kwa ajili ya zile za nyuma haionekani kabisa humo mpaka uwe na toleo lake jipya. Haikupi kosa lolote, menyu haipo tu, unabaki unashangaa.

Tukaamua wote 20. Sababu ni intaneti: ya 20 ni faili moja unaibeba kwenye flashi, ya 21 inakuja kwa Visual Studio Installer inayopakua vipande wakati wa kusakinisha. Ukitaka 21 kwenye ofisi yenye bando, tengeneza kwanza layout (folda yenye faili zote za kusakinisha) sehemu moja yenye intaneti nzuri:

`vs_SSMS.exe --layout D:\ssms21`

Kwa 20 tumetumia hii, haiulizi kitu:

`SSMS-Setup-ENU.exe /install /quiet /norestart`

Usakinishaji wenyewe haukuwa na neno. Shida ikaja kuunganisha. Mashine zote zilizopanda 20 zikakataa kuingia kwenye seva, ujumbe unasema mnyororo wa cheti (faili inayothibitisha kwamba seva ni yenyewe) umetolewa na mamlaka isiyoaminika. Kilichobadilika ni kwamba SSMS 20 inataka mawasiliano yafichwe kama kawaida yake, na seva yetu haikuwahi kuwekewa cheti, SQL Server ikikosa cheti inajitengenezea chake kila inapowaka na hicho hakuna kompyuta inayokiamini. Njia ya mkato ni kutia tiki kwenye "Trust server certificate". Tulitia, kazi iendelee Jumanne asubuhi, ila hiyo tiki maana yake unakubali cheti chochote kutoka kwa yoyote anayejifanya seva, hatukutaka ibaki.

12 Julai 2025: Cheti cha seva

Jumamosi, baada ya kufunga. Nimeipa nafasi yake kwa sababu wengi mtapanda SSMS kwa ajili ya plagini na mtakwama hapahapa.

Cheti tumetengeneza kwenye seva kwa PowerShell:

`New-SelfSignedCertificate -DnsName "sql01.ofisi.local","sql01" -CertStoreLocation Cert:\LocalMachine\My -KeySpec KeyExchange -Provider "Microsoft RSA SChannel Cryptographic Provider" -NotAfter (Get-Date).AddYears(3)`

Kisha SQL Server Configuration Manager, kukichagua, kurestati huduma. Huduma haikuwaka. Kwenye ERRORLOG kuna kosa 26014, imeshindwa kupakia cheti ulichochagua. Cheti kizuri, tarehe nzuri, jina sahihi, tulikizungukia muda mrefu kumbe akaunti inayoendesha SQL Server haina ruhusa ya kusoma ufunguo binafsi wa cheti. Fungua certlm.msc, bofya cheti kwa kitufe cha kulia, All Tasks, Manage Private Keys, mwongeze `NT Service\MSSQLSERVER` kwa Read tu. Ikawaka hapohapo.

Baada ya hapo sehemu ya wazi ya cheti, bila ufunguo, ikasambazwa kwa Group Policy (mipangilio inayosukumwa kutoka seva) kwenye Trusted Root (orodha ya vyeti vinavyoaminika) za mashine zote za domeni, yani zinazosimamiwa kwa pamoja na seva ya ofisi, na tukatoa tiki. Nusu wakaingia nusu wakakataliwa. Waliokataliwa walikuwa wanaandika IP ya seva badala ya jina, cheti kina jina `sql01` hakina 192.168 kitu, kwa hiyo havilingani. Tukawabadilishia wote watumie jina. Usiweke IP kwenye cheti ili kuwaridhisha, siku ukihamisha seva utarudia kila kitu.

19 Julai 2025: Plagini yenyewe

Usakinishaji kwa skripti:

`msiexec /i plagini.msi ALLUSERS=1 /qn /norestart /l*v C:\temp\plagini.log`

Tumia hiyo logi, usiiache. Jibu 0 ni sawa, 3010 ni sawa ila irestati, 1603 imegoma. Zetu za 1603 zote zilikuwa ni SSMS iko wazi nyuma, mtu kafunga skrini kaenda nyumbani. Usikimbilie taskkill. Kuna dada wa ripoti ana tabia ya kuacha vichupo kumi na kitu ambavyo hajavisevu, SQLQuery1 mpaka SQLQuery14, humo ndo kuna kazi yake ya robo mwaka ya kwenda Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Tulimpigia simu kwanza akaja kusevu. Skripti yetu sasa ikikuta Ssms.exe inaendelea inaiacha hiyo mashine na kuandika jina lake kwenye orodha.

22 Julai 2025: Leseni "zinapotea"

Jumamosi tulikuwa tumeaktiveti mashine zote za makao makuu, kila moja tumeona kwa macho imeandika imesajiliwa. Jumanne simu zikaanza.

"Kaka, mbona yangu inaniambia siku za majaribio zimebaki kumi na tatu?"

Mashine ileile, na plagini ileile. Kilichotokea ni hiki: fundi aliingia na akaunti ya admin, akasakinisha, akafungua SSMS akiwa bado admin, akaaktiveti. Plagini inahifadhi leseni kwenye profaili ya aliyeingia, yani kwenye AppData yake na HKEY_CURRENT_USER yake. Kwa hiyo aliyesajiliwa kwenye mashine zote alikuwa ni admin, na mwenye kompyuta alipoingia na akaunti yake akakutwa mgeni. Inatokea vilevile ukibofya "Run as administrator" ukaweka nywila ya admin, dirisha liko mbele ya mtumiaji lakini ndani yake ni admin.

Na kwa vile leseni ni ya mtu yenye kikomo cha mashine mbili pamoja na RDP, nafasi zikawa zimeliwa na admin. Utaratibu tuliourekebisha nao, na ndo tunaoutumia mpaka leo:

Admin anasakinisha na kutoka, hafungui SSMS. Kama kuna mahali alishaaktiveti, anaingia kwanza anazima leseni kwa menyu ya plagini yenyewe, asifute kwa rejistri, maana ukifuta kwa rejistri kompyuta inasahau lakini mwenye leseni bado anahesabu. Kisha mwenye akaunti anaingia mwenyewe, anafungua SSMS kawaida na kuaktiveti mbele yako. Ukitaka uhakika uko kwenye akaunti gani fungua cmd andika `whoami` kabla ya kugusa chochote.

Pale ambapo mwenye mashine hayupo tunamsubiri arudi. Hakuna kuomba nywila ya mtu.

1 Agosti 2025: Sengerema

Mashine ya tawi ilikataa kuaktiveti kwa mbali, ujumbe ni kushindwa kuwasiliana na seva ya leseni. Fayawoli ya makao makuu tulishaifungulia siku ile ya kwanza (inakagua HTTPS na kuweka cheti chake katikati, plagini haikipendi, ikabidi anwani ya seva ya leseni iwekwe kwenye orodha ya kutokaguliwa), kwa hiyo tukadhani ni hiyohiyo. Haikuwa. Ikabidi kwenda, na siku hizi kwenda siyo mateso, daraja la Kigongo hadi Busisi limefunguliwa Juni mwaka huu hakuna tena kupanga foleni ya kivuko.

Ukiangalia kona ya chini ya skrini unaona tatizo lote: tarehe ni ya 2019. Betri ya CMOS imekufa, umeme ukikatika usiku saa ya kompyuta inarudi nyuma. HTTPS ikikuta cheti kinachosema "naanza 2025" na kompyuta inasema leo ni 2019, inakataa. Kivinjari nacho kilikuwa kinakataa tovuti nyingi, wenyewe walishazoea kubofya kuendelea.

Tuliandika `w32tm /resync` ikajibu mabadiliko ni makubwa mno. Mashine isiyokuwa kwenye domeni, na hii ya tawi haimo, Windows inakubali kusahihisha mpaka saa 15 tu, ikizidi hapo inagoma kwa makusudi. Weka tarehe kwa mkono kwanza, iwe karibu, alafu resync inapita. Baadae fungua keisi ubadilishe CR2032, elfu mbili dukani, la sivyo umeme ukikatika tena unarudi palepale. Tulinunua tano, nyingine tukaziweka kwenye desktop za umri uleule pale makao makuu.

Baada ya saa kukaa sawa leseni ilikubali mara moja. Kama una mashine inagoma kuaktiveti, kabla hujagusa fayawoli angalia saa.

15 Agosti 2025: Snipeti za pamoja

Hii ndo sehemu inayorudisha hela. Snipeti ni kifupi unachoandika kisha ukabonyeza Tab kinajifungua kuwa kweri nzima. Tulitengeneza `upd` kwa ajili ya mabadiliko yote ya mkono kwenye deta:

```
BEGIN TRAN
UPDATE dbo.
SET
WHERE
SELECT @@ROWCOUNT AS zilizoguswa
-- COMMIT
ROLLBACK
```

Unaiendesha, unaona zilizoguswa ngapi, kila kitu kinarudi kama kilivyokuwa. Namba ikiwa sahihi ndo unabadilisha, unatoa alama kwenye COMMIT unaweka kwenye ROLLBACK.

Toleo la kwanza halikuwa na ROLLBACK mwishoni, lilikuwa linaishia kwenye COMMIT iliyozimwa, ukiridhika unaiteua na kuirusha. Siku ya pili yake makeshia wote wakaganda, mfumo hauandiki. `DBCC OPENTRAN` ikatuonyesha muamala uliofunguliwa saa sita na dakika kadhaa, ulikuwa umeshika jedwali la akaunti, mwenye nao kaenda kula. Seva ilikuwa inamsubiri yeye aseme ndio au hapana, na wanachama wako foleni. Tukaifunga ile sesheni, tukaweka ROLLBACK iwe hai tangu mwanzo. Mkiiga snipeti yetu igeni hii ya pili.

Kusambaza snipeti nako kulileta mambo. Kwanza tuliielekeza plagini kwenye folda ya netiweki, nzuri makao makuu, mbovu tawini, VPN ikikatika SSMS inaganda ikitafuta folda. Tukahamia kunakili kwa robocopy (amri ya Windows ya kunakili faili) mtu anapoingia:

`robocopy \\faili01\snipeti "%LOCALAPPDATA%\Snipeti\timu" /E /R:1 /W:1`

Hizo `/R:1 /W:1` ni za lazima, robocopy bila kuambiwa inajaribu tena mara milioni moja na kungoja sekunde 30 kila mara, faili moja ikigoma mtu haingii kazini. Na msitumie `/MIR` kwenye folda ambayo watu wanaweka vyao, inafuta kila kisichokuwepo kwenye chanzo. Kuna mmoja wa mfumo alipoteza snipeti zake binafsi hivyo, zikarudishwa kutoka kwenye bakapu ya laptop yake. Sasa kuna folda `timu` na folda `binafsi`, robocopy haigusi ya pili.

2 Septemba 2025: Mashine iliyokufa, msaidizi wa AI, na wa field

Laptop moja SSD ilikufa ikiwa na leseni ndani. Hapa yale majibu ya maandishi ya Juni yakatusaidia, tulituma namba ya leseni na jina la mashine, nafasi ikarudishwa. Toka hapo tuna jedwali dogo: mtu, mashine, akaunti ya Windows, tarehe ya kuaktiveti, tarehe ya kuzima. Kabla ya kupiga Windows mashine yoyote lazima safu ya kuzima ijazwe. Kuna desktop kadhaa zitapigwa Windows 11 kabla ya 14 Oktoba, siku ambayo Windows 10 inaacha kupata apdeti za usalama, kwa hiyo jedwali hili limekuja wakati wake. Na kama mnanakili diski kutoka mashine moja kwenda nyingine, nakilini ile ambayo haijaaktivetiwa.

Toleo jipya la plagini limekuja na msaidizi wa AI. Tumemzima kwa wote. Anatuma kweri nje ya nchi kwenda kuchakatwa, na kweri zetu zina majina na namba za simu za wanachama ndani ya WHERE. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inayotumika tangu Mei 2023, ina masharti yake kuhusu kupeleka taarifa za watu nje, hatujayatimiza, basi. Akihitajika tutaanzia kwenye databesi ya majaribio yenye majina ya kubuni.

Mwanafunzi wa field alitaka naye apate plagini. Hatukumpa leseni ya mtu mwingine atumie, leseni ya mtu ni ya mtu. Tumemwekea SQL Server Developer kwenye mashine yake, ya bure kwa kujifunzia na kujaribu, SSMS kavu pamoja na ile fomata ya bure, na snipeti za timu kama faili za kawaida anazifungua na kunakili.

30 Septemba 2025: Hesabu na kilichobaki

Leseni sita na VAT 3,115,200. Betri 10,000. Mafuta ya Sengerema 60,000. Bando la kupakulia 30,000. Jumla 3,215,200, tumebaki ndani ya bajeti. Cheti, snipeti na skripti havikugharimu zaidi ya muda.

Onyo la UPDATE bila WHERE limeshamsimamisha mtu kwenye jedwali la mikopo, wiki iliyopita, mchana wa kazi. Alikuwa ameteua mistari miwili ya juu tu ya kweri kisha akabonyeza F5, mstari wa WHERE ukabaki nje ya uteuzi. Kisanduku kikatokea, akasoma, akabofya hapana, akaja kunionyesha.

Bado: kuhamia SSMS 21 mashine moja moja tukianza na yangu, kuiingiza desktop ya Sengerema kwenye domeni, na kuweka ukumbusho wa kuhuisha leseni mwezi Mei 2026, mwezi mmoja kabla hazijaisha, ili profoma ipate muda wa kupita kwenye kamati.